Aibu ya maradhi ya akili haitaondoka kwa mawaidha matupu

UKITAKA kumtusi Mkenya pasipo kutumia neno chafu hata moja, mwambie anafaa kupelekwa Mathari. Hatahitaji ufafanuzi. Mtoto wa shule ya msingi anajua maana yake, utingo wa matatu anajua, na mwanasiasa aliye jukwaani akimkejeli mpinzani wake anajua vilevile. Hospitali hiyo iliyo kando ya barabara ya Thika jijini Nairobi imekuwa tusi kwa miaka mingi, kiasi kwamba wengi wamesahau kuwa ni hospitali yenye madaktari, wauguzi, chumba cha dawa na wagonjwa ambao hulazwa, hutibiwa na kurejea makwao.

Hakuna anayemdhihaki mwenzake kwa kumwambia aende akatibiwe Kenyatta. Mgonjwa wa moyo, wa figo au wa kisukari huchangiwa fedha na majirani, huombewa kanisani na msikitini, na jina lake hutajwa kwa huruma. Mgonjwa wa akili hufichwa. Jamaa zake hudai amesafiri kwenda kwa mjomba, amehamishwa kikazi, au anapumzika kidogo mashambani. Akipona, huonywa asithubutu kusema alikuwa wapi.

Kila Oktoba 10, dunia inapoadhimisha Siku ya Afya ya Akili, viongozi wetu husimama na kuwahimiza wananchi waache unyanyapaa. Hotuba hizo ni nzuri, na wanaozitoa huenda wana nia safi. Lakini zina kasoro moja kubwa. Zinachukulia kwamba aibu inayowaandama wagonjwa wa akili ilizaliwa na ujinga wa mwananchi wa kawaida, na kwamba akielimishwa itatoweka.

Ukweli ni mchungu zaidi. Sehemu kubwa ya aibu hiyo ilijengwa na dola yenyewe, kupitia sheria ilizotunga, majengo iliyoyasimamisha na bajeti iliyokataa kuitenga. Mwananchi alifunzwa kuogopa. Iwapo serikali inataka ayasahau mafunzo hayo, sharti ianze kwa kuyabomoa yale iliyoyajenga.

Mizizi ya hofu

Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka wa 1910 mahali palipokuwa pakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Tangu siku ya kwanza, basi, ilikuwa mahali pa kuwaweka watu ambao jamii haikutaka kuwakaribia. Jina lake la awali halikuwa la hospitali bali la hifadhi ya vichaa, na ni mwaka wa 1924 tu ambapo lilibadilishwa na kuitwa Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Mathari. Ndani yake wagonjwa walitengwa kwa rangi za ngozi, Mwafrika akiwa na wodi yake na Mzungu yake.

Tangu mwaka wa 1938 hadi 1950 msimamizi wa hospitali hiyo alikuwa daktari Mwingereza, J.C. Carothers. Huyu hakuishia kutibu. Aliandika kwamba akili ya Mwafrika wa kawaida ilifanana na ya Mzungu aliyepasuliwa na kuharibiwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maandishi yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Dai la ardhi na uhuru liligeuzwa kuwa suala la akili zilizovurugika.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale, na yaliyopita si ndwele. Lakini mtu akitaka kuelewa kwa nini mzee wa kijijini humpeleka mwanawe kwa mganga kabla ya kumpeleka kwa daktari wa akili, asisahau kwamba taasisi hii haikuja kwetu kama tiba. Ilikuja kama kizuizi, ikiongozwa na watu walioamini kwamba Mwafrika mzima naye ana kasoro kichwani. Kuta ndefu, milango ya chuma na askari langoni vilimfunza raia kwamba aliye ndani ni hatari. Uhuru ulipopatikana bendera ilibadilika, kuta zikabaki.

Mei 2013, wagonjwa wapatao 40 walipotoroka Mathari, wananchi wengi waliigeuza habari hiyo kichekesho, na wengine wakaingiwa na hofu kana kwamba majambazi wamevunja jela. Ni wachache waliojiuliza swali la msingi: ni hospitali ya aina gani ambayo mgonjwa huona heri aikimbie?

Sheria iliyoadhibu maradhi

Kwa miongo mingi, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya kila aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu ambaye angeweza kufungwa hadi miaka miwili gerezani. Mtu aliyeokolewa akiwa amekunywa sumu aliamka kitandani, akiwa bado na mirija mwilini, na kumkuta afisa wa polisi akimngoja. Wengi wa watu hao walikuwa na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyokoma ambayo humfanya mtu aone maisha hayana maana. Kwa hali hiyo dawa ipo, na ushauri nasaha upo. Gereza si mojawapo.

Madhara yake hayakuishia kwa waliokamatwa. Familia zilijifunza kusema kwamba kijana wao alikunywa dawa ya kupe kwa bahati mbaya. Wahudumu wa afya waliandika mambo nusunusu katika rekodi. Aliyefikiria kujitoa uhai hakuthubutu kumwambia mwalimu wala kasisi, maana kukiri wazo hilo kulikaribia kukiri kosa. Sheria iliyodaiwa kulinda uhai ikaziba njia pekee ambayo mtu angeitumia kuomba msaada.

Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi ilikuwa imewasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) na Chama cha Madaktari wa Akili nchini, pamoja na raia mmoja. Mahakama ilisema kumwadhibu mtu kwa tatizo la afya ya akili ni kumbagua kwa misingi ya afya yake, ni kumvunjia heshima, na ni kumnyima haki yake ya kupata matibabu bora kadiri iwezekanavyo.

Kinaya ni kwamba Waingereza, waliotuletea kosa hilo kwenye vitabu vya sheria, walilifuta kwao mwaka wa 1961, miaka miwili kabla hatujapata uhuru. Sisi tuliendelea kulihifadhi kwa zaidi ya miongo sita.

Wapo wanaohofia kwamba kuondoa adhabu ni kuwahimiza vijana wajiangamize. Hofu hiyo inaeleweka, hasa kwa mzazi. Hata hivyo, mtu aliyefikia hatua ya kutaka kufa hazuiliwi na kifungo cha miaka miwili. Kinachomzuia ni mtu wa kumsikiliza, daktari aliye karibu, na sumu isiyopatikana kirahisi dukani. Kulingana na WHO, watu wapatao 727,000 walijitoa uhai kote duniani katika mwaka wa 2021, na shirika hilo limekuwa likizihimiza nchi zote ziache kuwaadhibu wanaonusurika.

Kifungu cha 226 kilikuwa kibaya zaidi lakini hakikuwa peke yake. Sheria ya Ndoa ya 2014, katika Kifungu cha 66, inataja wazimu usioweza kutibika miongoni mwa sababu za kuvunja ndoa, mradi madaktari wawili wathibitishe. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 83, inamfungia nje ya sajili ya wapigakura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, na katika Kifungu cha 99 inamzuia asiwanie ubunge.

Si hoja ya makala haya kwamba kila mgonjwa, katika kila hali, ana uwezo wa kufanya kila uamuzi. Hoja ni kwamba maradhi mengi ya akili huja na kuondoka. Mtu anaweza kuugua sana mwezi Machi na kufikia Agosti akawa kazini, akilipa karo na kusimamia shamba. Ilhali maneno ya sheria yanamgawa binadamu katika makundi mawili tu, mwenye akili timamu na asiye nazo, kana kwamba ni muhuri uliopigwa kwenye paji la uso na usiofutika.

Mzunguko wa ufukara wa huduma

Sheria ni upande mmoja. Upande wa pili, ambao huzungumziwa kidogo, ni jinsi uhaba wa huduma unavyoizalisha aibu upya kila siku.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Kijana wa miaka 19 anaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huu waweza kuwa mwanzo wa skizofrenia, maradhi ambayo aghalabu huanza katika umri wa ujana. Zahanati iliyo karibu haina mtu aliyefunzwa kuyatambua. Familia inazunguka kwa maombi na kwa waganga kwa miezi au miaka. Hali inapozidi, kijana anavua nguo sokoni, anarusha mawe, anafungwa kamba na kupelekwa hospitali akiwa nyuma ya pikapu huku umati ukitazama.

Huo ndio wakati pekee ambao umma humwona. Hapo ndipo kila aliyesimama sokoni huondoka akiamini mambo matatu: kwamba ugonjwa wa akili ni vurugu, kwamba hauna tiba, na kwamba balaa hilo limeikumba familia fulani kwa sababu fulani. Kijana huyo akitibiwa na kupona, atahama mji au atanyamaza. Umma hautamwona akiwa mzima. Utabaki na picha ya sokoni.

Familia ya jirani ikipata mgonjwa wake mwaka unaofuata, itamficha kwa kuwa imeona yaliyompata mwenzake. Kwa sababu wagonjwa wamefichwa, hakuna anayeandamana kudai dawa. Kwa sababu hakuna anayedai, gavana hana sababu ya kutenga fedha. Kwa sababu fedha hazitengwi, zahanati inabaki bila mtaalamu. Mzunguko unaanza tena.

Uhaba wenyewe si siri. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, ilhali madaktari bingwa wa akili wamekuwa wakikadiriwa kuwa mia moja hivi, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Mgao wa maradhi ya akili katika fedha za afya umekuwa mdogo mno, usiofika hata asilimia moja. Nje ya Mathari kuna wodi kama ile ya Port Reitz mjini Mombasa, ya Gilgil na ya Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, lakini kwa mkazi wa Mandera au Turkana safari ya kumwona daktari wa akili ni ya siku kadhaa na nauli ya maelfu ya shilingi.

Hata aliyetibiwa hana uhakika. Dawa za skizofrenia hutumiwa kwa muda mrefu, nyingine zikimezwa kila siku na nyingine zikidungwa takriban mara moja kwa mwezi. Zahanati ikiishiwa na dawa kwa miezi miwili, mgonjwa aliyekuwa akiuza mboga sokoni huanza kubabaika tena. Majirani hawasemi kwamba dawa zilikosekana. Husema, "Tulijua wazimu hauponi." Hivyo ndivyo rafu tupu ya dawa inavyogeuka kuwa imani.

Si kwamba nchi haikuonywa. Februari 2011 kituo cha televisheni cha CNN kilipeperusha makala kuhusu hali ya wagonjwa wa Mathari na wale waliofungiwa majumbani, na mwaka uo huo KNCHR ikatoa ripoti kali kuhusu jinsi mfumo mzima ulivyotelekezwa. Sera ya kitaifa iliyotolewa kwa kipindi cha 2015 hadi 2030 ilikiri kwamba hadi robo ya wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya wanaolazwa hospitalini, huenda wana tatizo la akili. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga, na ambalo liliundwa baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulizungumzia suala hilo katika sherehe za Madaraka za 2019, lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa.

Mwaka wa 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 kupitia mswada ulioasisiwa na Seneta Sylvia Kasanga. Mabadiliko hayo yaliweka wazi haki za mgonjwa: kushiriki katika kupanga matibabu yake, kutunziwa siri, na kutobaguliwa na kampuni za bima. Aidha, yalizitwika serikali za kaunti wajibu wa kupeleka huduma mashinani.

Lakini hapa pia pana somo. Sheria ya 1989 nayo ilikuwa na kifungu kilichozikataza kampuni za bima kuwatenga wagonjwa wa akili. Miaka zaidi ya thelathini ilipita, na bado Bunge lililazimika kulisema jambo lilo hilo upya. Sheria nzuri isiyo na msimamizi ni sawa na bunduki isiyo na risasi.

Funzo la ukimwi

Je, aibu ya ugonjwa inaweza kupungua? Wakenya wana ushahidi wao wenyewe, na hawahitaji kuutafuta ng'ambo.

Wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanakumbuka jinsi ukimwi ulivyoogopwa. Wagonjwa walitengewa vikombe na sahani, walifukuzwa kazini, na katika matanzia ilisemwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Mahubiri ya kuwahurumia yalikuwepo tangu mwanzo, lakini hayakubadilisha mengi.

Yaliyobadilisha ni mambo matatu. Kwanza, watu walijitokeza na kusema kwa majina yao kwamba wanaishi na virusi. Joe Muriuki alifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya themanini, na baadaye Asunta Wagura akawaongoza wanawake wengi kuvunja kimya. Pili, dola ilitamka na kutunga sheria. Mwaka wa 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na sheria ya 2006 ikaharamisha kumbagua mtu kazini au shuleni kwa sababu ya virusi. Tatu, na huenda hili ndilo kubwa zaidi, dawa zilifika karibu. Mwaka wa 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na jamii ikaanza kuwaona waliokuwa wamechimbiwa kaburi wakirudi shambani na sokoni.

Jirani aliyepona alikuwa hotuba tosha. Hakuna bango lingeweza kushindana naye.

Si kwamba unyanyapaa wa ukimwi umekwisha kabisa. Lakini njia iliyoupunguza inajulikana, na utafiti kuhusu maradhi ya akili unaelekeza kulekule. Tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet, na ambayo ilitoa ripoti Oktoba 2022, ilihitimisha kwamba kinachopunguza ubaguzi zaidi ni watu kukutana ana kwa ana na wenzao waliougua, wakawasikia na kufanya kazi nao. Maelezo ya kitaalamu peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kufunzwa kwamba skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo na bado akakataa kumpangisha nyumba aliyeugua.

Kenya haijakosa watu wa aina hiyo. Sitawa Wafula, anayeishi na kifafa pamoja na ugonjwa wa kubadilikabadilika kwa hisia, amezungumza hadharani kwa miaka mingi na kuwafungulia vijana wengine mlango. Kuna pia mashirika yanayoongozwa na watu waliowahi kuugua wenyewe. Wanachokosa ni jukwaa. Katika vikao vingi vya serikali kuhusu afya ya akili, mgonjwa huzungumziwa na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kwa waganga na viongozi wa dini

Haitoshi kuwalaumu waganga na wahubiri. Ni kweli kwamba baadhi yao wametenda maovu. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Oktoba 2020 kuhusu watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya hali zao za akili iliitaja Kenya miongoni mwa nchi zipatazo 60, na baadhi ya waliofungwa walikuwa katika vituo vya kidini vya uponyaji. Kumfunga binadamu kwenye mti au nguzo kwa jina la Mungu ni ukatili, na wanaofanya hivyo wanafaa kushtakiwa.

Hata hivyo, mganga na mhubiri wana kitu ambacho wizara haina: wako kijijini, wanajulikana, na familia huwaendea kwanza. Katika Kaunti ya Makueni, Prof David Ndetei na wenzake wamekuwa wakiwashirikisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ya jamii, wakiwafunza kutambua dalili na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Mgonjwa anaweza kuombewa asubuhi na kumeza dawa jioni. Hakuna dini inayokataza hilo.

Septemba 2023, Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupima mambo kama shinikizo la damu na sukari mwilini. Wao huingia nyumbani, huijua familia iliyo na chumba kisichofunguliwa wageni wanapofika. Wakifunzwa kuuliza maswali machache kuhusu usingizi, huzuni na sauti zisizosikika kwa wengine, watayafikia yale ambayo Mathari haiwezi kuyafikia.

Maneno nayo ni mzigo

Lugha ya Kiswahili ina utajiri wa maneno ya kumtaja mgonjwa wa akili: kichaa, mwehu, majununi, punguani, afkani, mwendawazimu. Karibu yote hutumika kama matusi. Vyombo vya habari, likiwemo gazeti lolote utakalolishika, vimechangia kwa kuandika habari za uhalifu na kumwita mshukiwa kichaa kabla daktari hajampima. Ukweli ni kwamba wengi wa wanaougua maradhi ya akili hawamshambulii yeyote, na wao ndio huwa katika hatari kubwa ya kupigwa, kubakwa na kuporwa.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na Kifungu cha 260 kinaeleza wazi kwamba ulemavu ni pamoja na ule wa akili. Kwa hivyo kumwita mtu punguani kwenye mkutano wa hadhara si utovu wa adabu tu. Ni kuivunja Katiba ambayo wanasiasa wetu huapa kuilinda.

Ingawa hivyo, tusijidanganye kwamba kubadilisha majina kutatosha. Mathari imebadilishwa jina zaidi ya mara moja, na kila jina jipya likachafuka kama lililotangulia, kwa kuwa yaliyokuwa yakitendeka ndani hayakubadilika vya kutosha.

Yanayopasa kufanywa

Bunge lina kazi ya kuoanisha sheria zote na uamuzi wa Januari 2025, badala ya kungoja raia mmoja mmoja aende mahakamani kupinga kifungu kimoja baada ya kingine. Polisi nao wanafaa kupewa mwongozo wa maandishi ili afisa wa kituo cha mbali ajue kwamba aliyenusurika kujitoa uhai hupelekwa hospitalini, si seli.

Kaunti, ambazo zimesimamia huduma nyingi za afya tangu ugatuzi uanze 2013, zitenge fungu mahususi la maradhi ya akili katika bajeti zao na kulitaja waziwazi, ili wananchi waweze kulifuatilia. Kipimo cha kwanza kiwe rahisi: je, dawa za msingi za maradhi ya akili na kifafa zimepatikana katika kila hospitali ya kaunti ndogo kwa miezi yote 12? Gavana asiyeweza kujibu swali hilo asipoteze muda wake kuhutubu Oktoba 10.

Halmashauri ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, ihakikishe kwamba mgonjwa wa akili anagharamiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Waajiri, wa umma na wa kibinafsi, wakubali likizo ya ugonjwa wa akili bila kumwandikia mtu barua ya kumwachisha kazi anaporejea.

Na kwa kila aliyepona na ana uwezo wa kusema bila kuhatarisha riziki yake, ushuhuda wake una thamani kuliko mabango elfu. Wasiolazimika kunyamaza wasinyamaze. Wengine watawafuata.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. WHO ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa na tatizo la akili mwaka wa 2019. Kwa hesabu hiyo, katika matatu ya abiria 14 iliyojaa, kuna angalau mmoja au wawili. Yule anayetamka jina la Mathari kwa kicheko huenda ameketi kando ya mtu ambaye asubuhi hiyo amemeza dawa zake kwa siri, na huenda ipo siku ambapo yeye mwenyewe, mwanawe au mamake atahitaji kitanda humo. Siku hiyo itafaa akute hospitali iliyo na dawa.